Unga Kwenye Bega la Willis

Sehemu ya Saba

Umelalaje wiki nzima, msomaji, na Anyango, Mama Aluoch wetu, tulimwacha nyuma ya geti la Alfajiri Bakers, hapo Shauri Moyo, ufagio juu, akingoja Wakili Whitney akanyage tu amfagie? Mimi sikulala. Basi tusiongeze neno. Honi ililia tena, geti likafunguka, na ufagio ukaanza kushuka. Ukasimama hewani.

Hakuwa Whitney.

Alikuwa mwanamke mrefu aliyejifunga mtandio mweusi, kitambulisho kikining'inia shingoni. Nyuma yake walisimama wanaume wanne wenye mikoba ya kompyuta, na nyuma yao polisi mmoja ambaye harufu ya mkate ilikuwa imeshamtoa kazini.

"Unataka kunipiga, mama?" mwanamke yule aliuliza.

"Si wewe," Anyango alisema, akauficha ufagio nyuma ya kiuno. "Nilikuwa nangoja mwingine."

"Basi huyo mwingine ana bahati. Naitwa Hibaq. Tumetoka Mamlaka ya Ushindani. Hii hapa hati ya mahakama ya kupekua ofisi hii. Mwenye kampuni yuko?"

"Mwenye kampuni ni mimi."

Alilisema hilo kwa sauti, ili hata wapakiaji wa kreti walisikie. Na hakudanganya. Kabla mumewe, Willis Ooko, hajajua kufunga tai, Anyango alikuwa akikaanga mandazi kando ya soko la Gikomba, mafuta yakimrukia mikononi, mtoto Aluoch mgongoni. Alama za yale mafuta anazo mpaka leo. Kampuni hii aliikanda yeye, ikaumuka mikononi mwake, halafu siku hizi watu wakija wanamuuliza Willis.

"Vizuri," alisema Hibaq. "Bei ya mkate ilipanda mitaa yote ya Eastlands siku moja, kwa kiasi kimoja. Tunataka kujua ilikuwaje. Soma hati yako polepole. Ukiwa na wakili, mwite, tutamngojea kidogo. Lakini kuanzia sasa, mtu asiguse kompyuta, na simu zote zije hapa mezani."

Mitchelle, msichana wa mapokezi, alikuwa ameshasimama macho yamemtoka.

"Madam," alinong'ona, "hii maneno ni moto. Si tumpigie tu Wakili Whitney? Alisema hawa watu wakikuja..."

"Jina hilo nisilisikie humu ndani!"

"Lakini madam, ndiye alitufunza vile tutafanya..."

"Mitchelle! Unataka kazi ama unataka Whitney?"

Mitchelle alitaka kazi. Akaketi.

Ukijiunga nasi leo, nikudokeze kwa nini jina la wakili lilikuwa pilipili machoni pa Mama Aluoch. Mwezi uliopita Willis alimleta huyo Whitney, kijana, msomi, mkaazi wa mtaa wa Fedha, awafunze wafanyakazi nini cha kufanya wapekuzi wakibisha hodi. Watu walipewa chai, wakakaa juu ya magunia. Whitney hajafika mbali, akamwona Willis ana unga begani. Akanyoosha mkono, akaupangusa.

Hivyo tu. Akaupangusa, akaendelea kufunza.

Anyango aliinuka, akatoka, na hakurudi. Unga wa bega lile ameupangusa yeye tangu wakilala chumba kimoja na jiko la makaa. Kesho yake akaikuta karatasi ya maagizo ya Whitney imebandikwa mapokezi, na namba yake ya simu chini. Akaibandua, akafungia mandazi, akamuuzia mteja. Kisha akamwamuru Kivuva, askari wa geti, kwamba mwanamke yule asikanyage humu labda yeye Anyango azikwe kwanza.

Na tangu hapo Willis akawa mtu wa simu za pembeni. Akitoka nje kuongea. Akirudi amenuna. Jana asubuhi alisema anakwenda Kisumu kuona shamba la baba yake. Basi Anyango akajua. Nani huenda Kisumu kuona shamba na viatu vya ofisini?

Sasa alimpigia Willis, Hibaq akimtazama. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

"Wakili?" Hibaq aliuliza.

"Sihitaji wakili. Mimi si mwizi," Anyango alisema, akaweka simu ya ofisi mezani. Yake mwenyewe ilikuwa ndani ya mfuko wa aproni, na aproni haikusema kitu. "Nyinyi ni wageni. Mitchelle, leta chai na mkate wa moto. Ulete na siagi."

"Asante, hatuli tukiwa kazini," alisema Hibaq. Polisi akatazama chini kwa huzuni.

Msomaji, mwenye wivu ana ugonjwa mmoja: akiachwa peke yake na kiti cha mkubwa, lazima aonyeshe anakitosha. Hibaq alikuwa ameuliza swali dogo tu, nani hupanga bei ya mkate hapa. Mtu mwenye akili angesema, ngoja wakili wangu aje. Anyango aliketi kwenye kiti cha Willis, akakizungusha kidogo, akafungua mdomo.

"Bei napanga mimi. Willis hajui bei, Willis anajua tai. Na sipandishi ovyo, sisi hatuumizani hapa. Ni majirani. Mukami wa Pumwani akitaka kupandisha ananiambia, mimi nawaambia wengine, tunakubaliana wote siku moja, hakuna kunyang'anyana wateja. Unaona? Amani."

Mwanamume mmoja alikuwa akiandika mbio.

"Mnakubaliana wapi?" Hibaq aliuliza kwa sauti ya upole sana.

Hapo ndipo Anyango alipoona ile kalamu. Alikuwa amemwaga mtama kwenye kuku wengi, na kuku wenyewe wana vitambulisho.

"Tunakubaliana... kwa Mungu," alisema. "Kanisani. Kila mtu na kanisa lake."

Alikuwa hajalitaja kundi. Alishukuru hilo.

Kundi lenyewe ulikwisha kulisikia ukitufuata tangu mwanzo. Mzee Kinyanjui, aliyekuwa na kiwanda chake cha mkate Pumwani, alipofariki, waokaji wote wa Eastlands waliunda kamati ya matanga, na kamati bila kundi la WhatsApp si kamati. Likaitwa Safari ya Mwisho ya Mzee Kinyanjui. Mweka hazina alikuwa Anyango. Mzee akazikwa vizuri, akasahaulika vizuri, lakini kundi halikufungwa. Nani atatoka wa kwanza? Ukitoka kwenye kundi la matanga mapema, watu husema ulikuwa ukingoja marehemu aondoke. Basi waokaji wote wakabaki mle, na Mukami, binti wa marehemu aliyerithi oveni zake. Kwanza walitumiana maombi. Kisha wakalalamikiana bei ya unga wa ngano. Kisha siku moja mtu akauliza, kwani tukipandisha wote pamoja si itakuwa rahisi? Vidole gumba vya kukubali vikajaa chini ya picha ya marehemu.

Somo ambalo Whitney alikuwa akilifundisha baada ya kupangusa lile bega lilikuwa hilo hilo. Kwamba washindani wakikubaliana bei ni kosa, hata wakikubaliana kwenye matanga. Aliyetoka nje hakulisikia.

Mlango ulibishwa. Alikuwa Kivuva, kofia mkononi.

"Madam, yule wakili ako getini. Nimemkatalia vile ulisema. Lakini anapiga geti kama mtu amefiwa."

Hibaq alitazama saa. "Ulisema huna wakili, mama."

"Sina. Huyu ni... niruhusu nikamwondoe."

"Nenda ukazungumze naye. Ukimtaka, mlete. Usipomtaka, rudi tuanze."

Anyango alivuka uwanja wa magari, aproni ikimpiga mapajani. Hakufungua geti. Alifungua kile kidirisha kidogo cha askari, na uso wa Whitney ukajaa humo, bila poda, nywele zimefungwa kwa haraka.

"Mama Aluoch! Wameshaingia?"

"Nani alikuita?"

"Nisikilize, hatuna wakati. Usifute kitu chochote. Usifiche kitu. Usidanganye. Wakiuliza jambo hulijui, sema hulijui. Nifungulie niwe kando yako, basi, hiyo tu."

"Nimekuuliza, nani alikuita? Mitchelle hajakupigia. Mimi sijakupigia. Umejuaje wamekuja?"

Whitney alimtazama Kivuva, akamtazama polisi aliyesimama kivulini.

"Siwezi kusema hapa getini."

"Huwezi kusema!" Anyango alicheka kicheko kibaya. "Mume wangu unaweza kumpangusa mbele ya watu, lakini kusema huwezi."

"Mama, tafadhali. Hii ni kampuni yako."

"Najua ni yangu! Wewe ndiye ujue!"

Akainua shingo kulitazama gari la Whitney lililosimama nyuma yake. Gari dogo jekundu. Kulikuwa na mtu ameketi kiti cha mbele cha abiria, kichwa ameshika kwa mikono miwili.

Shati lilikuwa la jana. Tai ilikuwa ya jana. Anyango ndiye aliyelipiga pasi lile shati.

Willis.

Willis wa Kisumu, msomaji. Willis wa shamba la baba. Asubuhi hii, hajanyoa, ndani ya gari la mwanamke wa Fedha.

Sitakuambia Anyango aliona nini, kwa sababu hakuona kitu. Damu ilichemka ikafunika macho. Aligonga kidirisha kikamfungia Whitney katikati ya neno, akageuka. Hakurudi ofisini. Alipita kando ya oveni, akaingia stoo ya unga, akajibanza nyuma ya magunia yaliyopangwa hadi darini, na hapo akashika kifua.

Usifute, alisema yule mwanamke. Kwa nini asifute? Kwa faida ya nani?

Wivu ukiamka husomesha haraka kuliko chuo kikuu. Anyango aliyapanga yote pale pale. Whitney anataka wapekuzi walikute lile kundi. Kundi liko kwenye simu ya nani? Ya Anyango. Nani aliandika, Jumatatu tupande sote? Anyango. Nani atapelekwa kortini? Anyango. Na akifungwa yeye, nani atakaa kwenye kile kiti, apanguse lile bega asubuhi na jioni, ale mkate aliouumua mwingine?

"Yawa!" alisema peke yake, machozi yakichanganyika na unga. "Kumbe ndiyo mpango."

Akatoa simu kwenye aproni. Safari ya Mwisho ya Mzee Kinyanjui. Marehemu alimtabasamia katika suti yake ya kijivu. Akatoka kwenye kundi. Simu ikamuuliza kama anataka kufuta kila kitu.

Alitaka.

Alifuta na mazungumzo yake na Mukami. Kisha akapangusa uso, akapiga moyo konde, akatoka stoo akitembea kama mama mwenye nyumba.

Uwanjani, geti lilikuwa wazi. Hibaq alichoka kungoja, akaamuru lifunguliwe. Whitney alikuwa ndani. Willis alikuwa ndani.

"Mama Aluoch," Willis alisema.

"Kisumu kuzuri?" Anyango alimuuliza.

"Tafadhali," Whitney alimwambia Hibaq, "naomba dakika chache na wateja wangu, faragha."

"Chache," alisema Hibaq.

Wakaingia chumba cha kupakia, watatu wao, mlango ukafungwa. Anyango alikunja mikono.

"Semeni. Wewe unaniacha, au mimi nikuache?"

"Sikwenda Kisumu," alisema Willis.

"Najua hukwenda Kisumu! Kisumu hakuna gari jekundu!"

"Nilikuwa Mamlaka ya Ushindani. Jana kutwa nzima. Niliandikisha maelezo mpaka sauti ikaisha. Nikalala kwa ndugu yangu hapo Fedha, muulize mke wake, alinipa blanketi la watoto. Asubuhi Wakili akanipitia."

Anyango alikunjua mikono.

"Siku ile ulinipa simu yako nimtafute fundi wa oveni," Willis aliendelea, "nililiona lile kundi. Nikasoma. Sikuelewa, nikamuuliza Wakili. Ndiyo hizo simu za pembeni. Akaniambia tunaweza kupoteza kila kitu. Mandazi yako, Gikomba, yote."

"Kuna njia moja tu," Whitney alisema. "Kampuni inayotangulia kukiri huweza kusamehewa. Nyinyi mmetangulia. Wamekubali, mama. Mmefika wa kwanza."

"Sasa hawa wamekuja kufanya nini?"

"Leo wako kwa kila mwokaji aliyemo kwenye lile kundi. Hata kwa Mukami. Ilibidi waje kwenu pia, ili wale wengine wasijue nani amesema. Na ndiyo maana hukuambiwa. Walitukataza kumwambia mtu yeyote aliye ndani ya kundi."

"Mimi ni mtu yeyote? Mimi?" Anyango alimgeukia mumewe. "Ungeniambia, Willis! Hata kwa kunikanyaga mguu! Huyu ajue, mimi nisijue?"

"Nilitaka. Kila usiku nilitaka. Lakini tangu ile siku ya mafunzo ulikuwa huongei na mimi ila kwa kufunga milango."

Hilo lilikuwa kweli, nami nimelishuhudia kwa sehemu mbili zilizopita.

"Jina lako nililitaja la kwanza," Willis alisema polepole. "Niliwaambia, mke wangu hakujua ni kosa, alidhani ni ujirani. Nikasema bila huyo mwanamke hakuna kampuni. Msamaha huu nimeuomba kwa ajili yako."

Moyo wa Anyango uliyeyuka, na katikati ya kuyeyuka ukapigwa na baridi.

"Na huo msamaha," aliuliza, na sauti yake haikuwa yake, "una masharti?"

"Mawili," alisema Whitney. "Tuwape ushirikiano. Na tusiharibu ushahidi wowote, hata ujumbe mmoja. Si kwamba hawataupata kwingine, simu ziko nyingi. Ila tukigusa kitu, tumejitoa wenyewe. Msamaha unakwenda kwa anayefuata foleni." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana nilipiga geti vile. Nilijua ungeogopa. Lakini hukugusa kitu, sivyo?"

Hapa, msomaji, natamani ningekuwa na mkono wa kumsukuma. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakuna mpekuzi aliyesikia. Angesema, nimefuta, na wakili angetafuta la kufanya, maana kukiri kosa mapema ndiko walikokuwa wakihangaikia tangu jana. Maneno yalifika kwenye ulimi.

Lakini mbele yake alisimama Whitney. Aseme kosa lake mbele ya huyu? Amwombe radhi huyu, na nywele zake, na digrii yake, Willis akitazama? Amwone mumewe akimgeukia msichana na kuuliza, sasa tufanye nini, Wakili?

Hapana. Baadaye. Peke yao.

Willis alikuwa amejisugua kwenye gunia alipoingia, na begani alikuwa na unga. Whitney aliuona. Mikono yake akaiweka nyuma ya mgongo, akaishikilia hapo. Anyango akasogea, akaupangusa ule unga, kwa kidole kile kile kilichofuta kundi.

Mlango ulifunguliwa. Hibaq aliingia na yule mwandishi wake.

"Tumeona simu ya ofisi," alisema. "Sasa naomba na ile iliyo kwenye aproni, mama. Na kabla hujanipa, nina swali ambalo lazima liandikwe. Kuna mtu yeyote katika kampuni hii aliyefuta, kuficha au kuharibu chochote leo?"

Anyango aliishika simu kupitia kitambaa. Ilikuwa nyepesi.

Kabla hajavuta pumzi, Willis alipiga hatua, akamshika mkewe bega mbele ya Whitney, mbele ya mwandishi, mbele ya dunia yote ya Shauri Moyo iliyokuwa ikichungulia mlangoni.

"Huyu?" alisema, na kifua kilimjaa. "Huyu ndiye aliyenifundisha kurudisha chenji ya mteja. Nimeishi naye, namjua. Ningekuwa na shaka na mtu hapa duniani, ningeanza na mimi, nimfikie yeye mwisho. Andika hivi, dada: hakuna kilichofutwa. Naapa mimi, Willis Ooko, kwa niaba yake."

Kalamu ikaandika.

Mwezi mzima Anyango alikuwa ameyangoja maneno hayo. Alikuwa ameyalilia jikoni, ameyatafuta mifukoni mwa mashati, amefunga milango kwa ajili yake. Sasa yalikuwa yamesemwa kwa sauti, na yule msichana ameyasikia yote.

Hibaq alinyoosha mkono.

"Simu, Mama Aluoch," alisema. "Na unijibu wewe mwenyewe. Ni kweli anavyoapa mumeo?"